Kubambua ngozi kwa tindikali: usiulize asilimia, uliza kina

Chukua chupa mbili za asidi ya glikoliki, zote zimeandikwa 30%. Ukipaka ya kwanza usoni unahisi mwasho kidogo, na kesho yake ngozi imelainika, basi. Ya pili, kwa dakika zilezile na kwenye ngozi ileile, inaacha wekundu, maganda na pengine doa jeusi litakalokaa miezi. Hakuna aliyedanganya kwenye lebo. Namba ni ya kweli kwa chupa zote mbili, ila haijibu swali lenyewe. Anayefikiria kubambua ngozi kwa kemikali anahitaji kujua tindikali itashuka hadi wapi. Kina hicho ndicho kinachoamua faida atakayopata, siku atakazojificha ndani na hatari anayoibeba.

Ngozi ya uso ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Tabaka lake lote la juu, epidemisi, lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwenye kope ni jembamba zaidi ya hapo. Juu kabisa ya tabaka hilo kuna seli zilizokwisha kufa, zimepangana na kushikana kwa mafuta na protini; hizi hudondoka zenyewe kila siku bila sisi kujua. Chini kabisa ziko seli zinazogawanyika na kuzaa seli mpya, na kati yake zimo melanosaiti, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Kwa kijana, seli iliyozaliwa chini huchukua takriban siku 28 kupanda hadi juu na kudondoka. Umri ukisogea, safari hiyo hurefuka, na ngozi huanza kuonekana imefifia. Chini ya epidemisi iko demisi, yenye kolajeni (nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara), mishipa ya damu, mashina ya vinyweleo na tezi.

Kubambua ngozi ni kuijeruhi kwa makusudi na kwa kipimo, ili ijijenge upya. Sioni sababu ya kulikwepa neno jeraha, ingawa matangazo hulikwepa sana. Ubambuaji wa juujuu huishia ndani ya epidemisi na hupona ndani ya wiki moja, mara nyingi kabla ya hapo. Wa kati huvuka epidemisi na kugusa sehemu ya juu ya demisi. Hesabu wiki moja hadi mbili. Wa kina hufika katikati ya demisi, penye kolajeni nzito. Huo huchukua wiki mbili au tatu ngozi mpya kufunika, na wekundu wake waweza kudumu miezi kadhaa.

Sasa, ngozi mpya hutoka wapi? Jeraha likiishia ndani ya epidemisi, seli za chini zilizosalia huendelea kuzaa na kufunika. Likishuka hadi demisi, seli hizo zimekwisha kuungua, kwa hiyo ngozi mpya hutambaa kutoka kwenye kuta za vinyweleo na mirija ya tezi zilizobaki kule chini. Uso umejaa vinyweleo na tezi, ndiyo maana hupona upesi. Shingo na kifua vina vichache mno. Tindikali iliyoleta ngozi nzuri usoni inaweza kuacha kovu shingoni, hata kama imepakwa na mtu yuleyule siku ileile. Na hata usoni, jeraha likizidi likaunguza vinyweleo hadi mashina, hakuna tena mahali pa seli kuchipukia. Hapo mwili huziba kwa kovu.

Asilimia bila pH ni nusu ya habari

Turudi kwenye zile chupa. Molekuli za asidi ya glikoliki zikiwa ndani ya maji huwa katika hali mbili. Baadhi zimeshikilia hidrojeni yake, na hizi huitwa asidi huru. Nyingine zimeiachia, zikabaki na chaji ya umeme. Tabaka la seli zilizokufa lina mafuta mengi, na molekuli yenye chaji hupita hapo kwa shida. Inayopenya na kufanya kazi ni asidi huru.

Kinachoamua uwiano wa hali hizo mbili ni pH, kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali hupanda. Kwa asidi ya glikoliki mizani husimama sawa kwenye pH ya takriban 3.8: nusu ni huru, nusu ina chaji. Kwa hiyo chupa ya 30% yenye pH hiyo ina takriban 15% ya asidi inayoweza kupenya. Pandisha pH hadi 4.8 na iliyobaki huru ni kama 3%. Ishushe hadi 2, na karibu 30% yote iko tayari kuingia. Chupa tatu, namba moja kwenye lebo, na tofauti ya nguvu inafika mara kumi. Mtengenezaji hupandisha pH kwa kuongeza kemikali ya kupunguza ukali, na hana haja ya kubadilisha asilimia aliyoiandika.

Ndiyo maana jopo la wataalamu wa viambato vya vipodozi nchini Marekani, Cosmetic Ingredient Review, lilipotoa mipaka yake mwaka 1998 lilitaja namba mbili kwa pamoja. Kwa bidhaa za kutumia nyumbani: asidi za jamii ya glikoliki zisizidi 10%, na pH isipungue 3.5. Kwa wataalamu wa saluni: zisizidi 30%, pH isipungue 3.0, zipakwe kwa muda mfupi na kusuuzwa vizuri. Madaktari wa ngozi huenda mbali zaidi, hadi glikoliki ya 70% ambayo pH yake isipopandishwa iko chini ya 1. Kati ya vile vinavyouzwa madukani na kile kilichoko kwenye kabati la daktari kuna pengo ambalo asilimia peke yake haiwezi kukuonyesha.

Aina ya asidi nayo ina neno. Glikoliki, inayohusishwa na miwa, ina molekuli ndogo kuliko zote za familia yake. Hupenya haraka, na wakati mwingine huzama zaidi sehemu moja kuliko nyingine. Laktiki, ya maziwa yaliyochacha, ni kubwa kidogo. Mandeliki, inayohusishwa na lozi chungu, molekuli yake ina uzito mara mbili ya glikoliki, hivyo huingia polepole na kwa usawa zaidi. Kwa ngozi inayokasirika upesi, polepole ni sifa nzuri.

Salisiliki ina tabia tofauti kabisa. Hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo huingia ndani ya vitundu vya ngozi vilivyoziba, na ndiyo maana hupendwa kwa chunusi. Huyeyushwa kwenye alkoholi kwa 20% au 30%. Alkoholi ikishavukiza, asidi inabaki juu ya ngozi kama unga mweupe wa chembechembe na kupenya kwake kunapungua sana. Inajizuia yenyewe. Glikoliki haina breki hiyo: itaendelea kushuka hadi isuuzwe kwa maji au ipozwe kwa baikaboneti ya soda. Anayeipaka anapaswa kuangalia ngozi kwa macho yake muda wote, saa ikiwa mkononi, na kusuuza mara wekundu unapotokea hata kama dakika hazijaisha.

Kuna mengine yanayobadilisha kina na ambayo hayaandikwi popote kwenye chupa: mafuta ya ngozi yameondolewa kwa asetoni au la, tindikali imepakwa mara moja au mara tatu, kwa brashi laini au kwa shashi inayosuguliwa, na mteja amekuwa akitumia krimu ya retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A, wiki iliyotangulia au hapana. Retinoidi hulipunguza lile tabaka la seli zilizokufa. Aliyeisimamisha jana na ambaye hajawahi kuitumia hawana ngozi moja.

Weupe unaosoma kina

Asidi ya trikloroasetiki, ambayo wataalamu huiita TCA, ni ya daraja jingine. Hii huigandisha protini ya ngozi hapo hapo, na ngozi hugeuka nyeupe kama ute wa yai uliopata moto. Weupe huo ndio kipimo cha mtaalamu. Madoa meupe machache juu ya wekundu yanaonyesha kwamba tindikali bado iko juujuu. Weupe uliotanda huku uwaridi ukionekana kwa chini unaonyesha imeshuka. Weupe mzito usio na uwaridi wowote ni demisi, na hapo anayejua kazi yake husimama. Hakuna cha kupoza TCA baada ya weupe kutokea, kwa sababu tindikali imekwisha kutumika yote kwenye protini. Maji baridi humtuliza mgonjwa, lakini kina hakirudi nyuma.

Kwa 10% hadi 25% TCA hutoa ubambuaji wa juujuu, na kwa 35% wa kati. Kuanzia 50% kwenda juu, kwa uso mzima, madaktari wameiacha kwa sababu ya makovu. Wengi hupendelea kupaka kwanza mchanganyiko wa Jessner, wenye resosinoli, salisiliki na laktiki kila moja 14%, ili kufungua njia, kisha TCA ya 35% ipenye sawasawa bila kuhitaji nguvu kubwa zaidi. Hata hiyo 35% ina mtego wake. Gramu 35 za chembe zikiyeyushwa na kuongezewa maji hadi kufika mililita 100 hutoa nguvu moja. Gramu hizohizo zikimiminiwa mililita 100 kamili za maji hutoa nguvu nyingine, ndogo zaidi. Daktari anayebadilisha duka la dawa bila kuuliza walivyochanganya anaweza kujikuta na tindikali asiyoifahamu.

Juu ya zote, kwa ubambuaji wa kina, iko fenoli. Daktari wa ngozi wa Kijerumani, Paul Gerson Unna, alikwisha kueleza matumizi yake kwenye ngozi tangu mwaka 1882, pamoja na salisiliki, resosinoli na TCA. Kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 ilikuwa mikononi mwa wabambuaji wasio madaktari nchini Marekani, kila mmoja na fomula yake ya siri, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Miami, Thomas Baker na Howard Gordon, walipochapisha fomula iliyokuja kuwa kanuni: fenoli ya 88%, maji, sabuni, na matone 3 tu ya mafuta ya krotoni, mafuta makali ya mbegu za mmea. Matone yale yalionekana kama kiungo cha pembeni. Ilisemekana kazi yote ni ya fenoli, tena kwamba fenoli kali hujizibia njia kwa kugandisha ngozi ya juu. Mwaka 2000 daktari mpasuaji Gregory Hetter alichapisha mfululizo wa makala zilizoonyesha kwamba kinachoamua kina ni yale mafuta, na kwamba kuongeza tone moja hubadilisha matokeo. Karibu miaka 40, wataalamu wenyewe walikuwa wanaitazama namba isiyo sahihi kwenye chupa. Sidhani mteja wa kawaida ana la kuonea aibu.

Fenoli ina jambo jingine zito. Huingia kwenye damu kupitia ngozi, na moyo hauipendi: mapigo yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo hupakwa kipande kwa kipande, kwa kungojeana, kwa saa moja au zaidi, mgonjwa akiwa kwenye mashine ya kufuatilia moyo na dripu ya maji, ini na figo zake zikiwa zimepimwa kabla. Anayeahidi kuifanya kwenye kiti cha saluni hastahili kujibiwa.

Ngozi nyeusi na mpaka ulio karibu

Idadi ya melanosaiti ni karibu ileile kwa watu wote. Kinachotofautiana ni vifuko vya melanini vinavyotengenezwa: kwenye ngozi nyeusi ni vikubwa, ni vingi, na husambaa kimoja kimoja ndani ya seli. Melanosaiti hizi ziko macho muda wote. Uvimbe wowote wa ngozi, uwe wa chunusi, mkwaruzo au tindikali, huzichochea kumwaga rangi zaidi. Ikibaki kwenye epidemisi unapata doa la kahawia litakaloisha kwa wiki au miezi. Ikidondokea kwenye demisi, doa huwa la kijivu au samawati, na linaweza kukaa miaka.

Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyeusi anaweza kwenda kutibu madoa na kurudi na madoa zaidi. Hili halimaanishi ubambuaji haumfai. Wa juujuu, kwa salisiliki, mandeliki, laktiki au glikoliki ya kiwango cha chini, umetumika kwa mafanikio kwenye ngozi za aina zote, kwa kuanza na nguvu ndogo na kurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4. Wa kati unahitaji mkono wa mtu aliyeuzoea kwa ngozi ya namna hiyo. Wa kina, kwa maoni yangu, usifikiriwe kabisa: fenoli inaweza pia kuua melanosaiti na kuacha uso wenye mabaka meupe yasiyorudi.

Madaktari huanza na kipimo cha Fitzpatrick, kilichotungwa mwaka 1975 na daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard, kinachogawa ngozi katika aina 6 kwa jinsi inavyoungua na kuiva juani. Mwanzoni kilitungwa kwa ajili ya kupanga dozi ya matibabu ya mionzi ya urujuanimno, na aina za ngozi nyeusi ziliongezwa baadaye, kwa hiyo kina mapengo. Historia yako husema zaidi. Kama kila chunusi hukuachia alama nyeusi ya miezi mitatu, tindikali nayo itafanya hivyohivyo, na daktari anahitaji kulisikia hilo kabla ya kufungua chupa. Aliyewahi kuota keloidi, kovu linalovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, naye aseme.

Na tusichanganye mambo: kubambua ngozi si kujichubua. Krimu za kujichubua, nyingi zikiwa na haidrokwinoni, steroidi au zebaki, hulenga kufuta rangi ya mwili mzima na hutumika kila siku kwa miaka. Ubambuaji unatoa doa, madhara ya jua au mikunjo midogo, kisha ngozi hurudi kwenye rangi yake ya kuzaliwa. Anayeuza ubambuaji kwa ahadi ya kukufanya mweupe anauza kitu kingine.

Manufaa ya kweli yapo, na yana mipaka. Ubambuaji wa juujuu hupunguza chunusi nyepesi, huondoa alama nyeusi zilizoachwa na chunusi, hulainisha ngozi. Wa kati hufuta mikunjo midogo na vidonda vya awali vya jua vinavyoweza kugeuka saratani. Melasma, yale mabaka ya mashavuni yanayohusiana na homoni na jua, hufifia kwa muda, kisha mara nyingi hurudi. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana huichochea, ndiyo sababu losheni za kukinga jua zenye rangi ya oksidi za chuma huisaidia kuliko zile za uwazi. Vitundu vya ngozi havifungiki kwa tindikali, ngozi iliyolegea haikazwi, na makovu membamba yaliyozama kama matundu ya sindano hayafikiwi na ubambuaji wa uso mzima. Kwa hayo ya mwisho kuna mbinu ya kudondosha TCA kali ndani ya kila kovu kwa kijiti chenye ncha, kazi ya daktari peke yake.

Kabla na baada

Maandalizi huchukua wiki 2 hadi 4: losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila siku, mara nyingi pamoja na krimu ya retinoidi au ya kutuliza melanini, ambazo husimamishwa siku chache kabla. Mwenye historia ya malengelenge ya mdomoni hupewa dawa ya kuzuia virusi kabla ya ubambuaji wa kati au wa kina, kwa sababu virusi hivyo vikiamka juu ya ngozi iliyobanduka huenea usoni na kuacha makovu. Anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi amwambie daktari. Mjamzito aepuke TCA na fenoli, na salisiliki ya nguvu. Asiyepatana na aspirini naye aiepuke salisiliki, maana ni ndugu moja. Ikipakwa eneo kubwa la mwili hata mwenye afya anaweza kusikia mlio masikioni na kizunguzungu.

Tindikali za kununua mtandaoni ndizo zinazonitia hofu zaidi. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasinunue bidhaa kali za TCA, glikoliki, salisiliki na laktiki kwa matumizi yasiyo na usimamizi wa mtaalamu, kutokana na hatari ya kuungua, makovu na mabadiliko ya rangi ya kudumu. Chupa hizo huja na asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Ndimu nayo si mbadala wa upole: pH ya maji yake ni karibu 2, na yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua yanaweza kuleta malengelenge na madoa.

Baada ya kubambua, kazi ni chache: sabuni isiyo kali, mafuta mazito ya kulainisha, kivuli. Asidi za jamii ya glikoliki huiacha ngozi ikiungua juani kwa urahisi zaidi, na tahadhari iliyopendekezwa na FDA kwa lebo za bidhaa zake inataka kinga ya jua wakati wa matumizi na kwa wiki moja baada ya kuacha. Ganda linaloning'inia likatwe kwa mkasi, lisivutwe. Ngozi iliyo chini yake bado haijawa tayari.

Wekundu uliotawanyika usoni na kufifia siku hadi siku ni wa kawaida. Maumivu yanayoongezeka siku ya tatu au ya nne, usaha, au vipele vidogo vyenye maji vilivyojikusanya vinataka daktari siku hiyohiyo. Kuna na dalili moja ya kimyakimya zaidi: wekundu uliobaki sehemu moja tu, mara nyingi kwenye taya au karibu na mdomo, unaowasha, na ukipapasa unahisi ugumu. Hilo ni kovu linaloanza kujijenga, na likiwa katika hatua hiyo krimu au sindano za steroidi bado zinaweza kulizuia.